Mtoto amepata vyuo viwili Marekani: ufadhili upi ni mkubwa, na je, ni wa haki?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, na mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Mtoto wetu wa pili amedahiliwa na vyuo viwili vya Marekani. Cha kwanza kinampa ruzuku ya dola 61,000 kwa mwaka, mkopo wa dola 4,000 na kazi ya chuoni ya dola 3,000. Cha pili kinampa ruzuku ya dola 52,000 na kazi ya dola 2,500. Mtoto wa jirani, ambaye baba yake ana nyumba ya ghorofa na magari mawili, amepewa zaidi na chuo kingine. Sisi tuliambatisha hati ya mshahara wa mume wangu na karatasi ya makadirio ya kodi kutoka TRA. Je, huu kweli ni ufadhili wa wenye uhitaji? Na tukiomba nyongeza, hawatamnyang'anya mtoto nafasi? Nakala za barua zote nimeambatisha. (Mama wa watoto wanne, Mbagala)

JIBU: Hongera sana, Mama, kwako na kwa Baba. Nimezisoma barua zote mbili, na naomba kwanza tuuweke kando ukubwa wa ruzuku, kwa sababu ndio unaowapoteza wazazi wengi. Chuo cha kwanza kimeandika kuwa gharama zake za mwaka, yaani ada, malazi, chakula, vitabu na bima ya afya, ni dola 88,000, ilhali cha pili kimeandika dola 71,000. Ukiondoa ruzuku peke yake, cha kwanza kinawabakizia dola 27,000 na cha pili dola 19,000. Kile kilichotoa ruzuku ndogo ndicho chenye nafuu kwenu, tena kwa dola 8,000 kila mwaka. Mkopo sikuuhesabu kwa sababu ni deni, na kazi ya chuoni sikuihesabu kwa sababu fedha yake hulipwa kidogo kidogo kadiri mtoto anavyofanya kazi, baada ya ankara ya muhula kuwa imeshafika. Tazama pia kama nauli ya ndege imo katika gharama hizo. Katika barua ya chuo cha pili sikuiona.

Sasa neno lenyewe, uhitaji. Hapa kwetu tumelizoea kupitia Bodi ya Mikopo, ambapo mwenye uhitaji hukopeshwa, kisha akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Kwa chuo cha Marekani, uhitaji ni tofauti kati ya gharama za chuo na kiasi ambacho chuo chenyewe kimekokotoa kuwa familia inaweza kuchangia. Kwa hiyo familia ileile inaweza kuwa na uhitaji wa viwango viwili katika vyuo viwili, na hakuna aliyedanganya. Tena, si kila chuo huahidi kuziba pengo lote hata kikishalikubali. Kuhusu jirani, usihukumu kwa ghorofa unayoiona. Huenda ana watoto wawili vyuoni kwa wakati mmoja, au mtoto wake amepewa tuzo ya ufaulu, ambayo haihusiani na mfuko wa mzazi. Vyuo vinane vya kundi la Ivy League havitoi tuzo za namna hiyo, lakini vingine vingi hutoa.

Jambo lililonishtua katika nyaraka zenu ni ile karatasi ya TRA. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kwa makadirio hukadiriwa kwa kutazama mauzo yake ya mwaka, na yako imeandikwa shilingi milioni 84. Ofisa wa ufadhili aliyeko Marekani, asiyewahi kuiona fremu ya Kariakoo, akikuta tarakimu hiyo bila maelezo ataisoma kama kipato. Lakini daftari lako, ambalo umelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, linaonyesha kuwa ukishalipia mzigo, kodi ya fremu, wasaidizi wawili na usafiri, unabaki na kama milioni 11. Kwa kiwango cha shilingi 2,600 kwa dola, nilichokitumia kwa hesabu hii tu, hiyo ni tofauti kati ya dola 32,000 na dola 4,200. Kabla ya kulalamikia haki, rudini kwenye CSS Profile, ile fomu ya mtandaoni ya kuombea ufadhili mliyoijaza kueleza fedha za familia, na muangalie mliandika nini kwenye sehemu ya biashara: mauzo au faida.

Hapo ndipo ninapokubaliana na manung'uniko yako. Ukokotoaji huu unamtendea haki mtu wa hati ya mshahara na unamkwaza mtu wa daftari. Vilevile hauwaoni ipasavyo watoto wawili wa marehemu dada yako, ambao nyaraka zenu zinaonyesha kuwa mnawasomesha, kwa sababu hawalali nyumbani kwenu. Hata Wamarekani wenyewe hawajakubaliana juu ya haki hiyo: Januari 2022 vyuo 16 vyenye majina makubwa, baadaye vikawa 17, vilishtakiwa kwa madai kwamba vilishirikiana katika ukokotoaji kwa namna iliyopunguza ufadhili, na vingi vilikubali kulipa ili kumaliza kesi bila kukiri kosa.

Kuhusu hofu ya nafasi: kuna vyuo vichache, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vikiwamo, ambavyo havitazami uwezo wa kifedha wa mwombaji wakati wa kuamua udahili, hata akiwa mgeni. Vingi hutazama, hasa kwa wageni. Lakini utazamaji huo hufanyika kabla ya uamuzi, nanyi mmeshauvuka. Kuomba hesabu ipitiwe upya kwa kawaida hakuondoi udahili. Kinachouondoa ni nyaraka za kughushi, kwa hiyo mtu yeyote akiwaambia atawatengenezea taarifa ya benki, mkimbieni.

Andikeni kwa ofisi ya ufadhili ya kila chuo, barua ya ukurasa mmoja, kabla ya tarehe 1 Mei, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kujibu katika vyuo vingi. Ambatisheni muhtasari wa mauzo na matumizi ya miezi 12, mkataba wa fremu, risiti za ada za wale watoto wawili, na maelezo ya aya moja kuhusu namna kodi ya makadirio inavyokokotolewa Tanzania. Tajeni kiasi mnachoweza kulipa, msiandike tu kwamba hali ni ngumu. Kwa hesabu zenu ninaona dola 6,000, na hizo kwa kujibana.

Msijaze kwanza fomu ya uthibitisho wa fedha. Chuo hakitoi I-20, hati ambayo mtoto ataihitaji kwa ajili ya viza, mpaka familia ionyeshe kuwa inayo fedha ya kufidia pengo la mwaka wa kwanza. Mkisaini kwamba mnazo dola 19,000 huku barua yenu ikisema mnaweza 6,000, ofisa atakayeziweka karatasi hizo mbili pamoja atawauliza ipi aiamini.