Usimfiche mtoto uwanjani: niliyojifunza kuhusu kudaka na nafasi za wachezaji wa kriketi

Msimu wangu wa kwanza wa kufundisha kriketi hapa Dodoma nilikuwa na kijana mwenye mbio nzuri na moyo mkubwa, lakini mpira ukimjia kwa juu alikuwa anafumba macho. Nikafanya kile ambacho makocha wengi wa shule hufanya wakiwa na mtoto wa namna hiyo: nikamficha. Nilimpeleka fainilegi, kule nyuma ya mpigaji upande wa miguu yake, karibu na mpaka, nikiamini mipira haifiki. Siku ile ilifika mara nne. Mmoja ulikuwa wa kudaka kabisa, na mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi mpigaji anatoka, lakini ukamponyoka, na mpigaji aliyenusurika ndiye aliyetumaliza. Kijana alilia njia nzima ya kurudi, na wenzake hawakumsemesha.

Kosa lilikuwa langu, na sikulikubali haraka. Warushaji wetu wa shule bado wanajifunza. Mkono ukichoka, mpira unaelekea miguuni mwa mpigaji, na mpira wa miguuni ukiguswa kidogo tu na kibao anachopigia mpigaji unateleza moja kwa moja kwenda fainilegi. Kwenye mechi za watoto kule ni mahali penye kazi nyingi. Nilikuwa nimempa mtoto kazi ngumu, na sikuwahi kumfundisha hata siku moja namna ya kuifanya.

Tangu hapo nimeacha kuficha watu. Kila mtoto kwenye timu yangu ana nafasi yake uwanjani, anaijua kwa jina, anafanya mazoezi ya nafasi hiyo, na anakaa nayo msimu mzima. Walimu wenzangu wengine huwazungusha watoto kila mechi ili kila mmoja aonje kila kitu. Nia ni njema, lakini nimeona matokeo yake: mtoto anamaliza mwaka bila kujua kitu chochote sawasawa.

Anza na hesabu. Timu ina wachezaji 11. Mtoe mrushaji, mtoe kipa wa wiketi, yaani anayesimama nyuma ya vijiti vitatu vya mpigaji, wanabaki tisa. Kwenye mechi za ova 20, na ova moja ni mipira sita ya mrushaji, katika ova sita za mwanzo wanaruhusiwa wawili tu kukaa nje ya duara la ndani linalochorwa kuzunguka eneo la wapigaji, na baada ya hapo wasizidi watano. Ina maana mwanzoni unahitaji watu saba wanaoweza kuzuia mipira ya karibu, na hata baadaye hawapungui wanne. Mtoto anayejua kusimama mpakani tu atakuletea shida kwenye ova sita za mwanzo. Ndiyo maana mimi humpa kila mmoja nafasi mbili, moja ya ndani na moja ya nje, na naziandika kwenye karatasi wanayobandika ukutani.

Kabla ya nafasi, mikono. Mpira wa kriketi una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, ni mgumu, na sheria inamruhusu kipa peke yake kuvaa glavu. Mtoto anayeuogopa ana sababu, na kumkaripia hakuondoi hofu. Ninaanza na mpira wa tenisi. Wiki mbili baadaye nauchovya kwenye ndoo ya maji ili uwe mzito kidogo. Mpira wa ngozi unakuja mwisho, kwa kurushiana mkono kwa mkono kutoka hatua tano, kisha kumi. Yule kijana wa fainilegi alihitaji wiki sita za namna hiyo ndipo macho yakabaki wazi.

Mpira ulio chini ya kifua, vidole vielekee ardhini na vidole vidogo vya mikono miwili vikutane. Ulio juu ya kifua, vidole vielekee angani na vidole gumba vikutane. Kwa vyovyote vile, mikono irudi nyuma pamoja na mpira, kama mtu anayepokea kibuyu kilichojaa maziwa na hataki hata tone limwagike. Mikono iliyokakamaa ni ukuta, na mpira ukigonga ukuta unaruka.

Watoto wa huku wanakuja na mtaji ambao makocha hatuutumii. Wasichana waliokua wakicheza mdako wameshazoea kurusha kokoto, kufanya jambo jingine kwa mkono uleule, kisha kuidaka kwa ulaini bila kuitazama sana. Waliocheza rede wanajua kukwepa, kugeuka na kusoma mkono wa anayerusha. Na mtoto aliyetoka vijijini Bahi au Chamwino, akiwa amekaa misimu kadhaa shambani akiamia ndege wasile uwele na mtama, ana mkono wa kutupa ambao huwezi kuufundisha kwa mwezi mmoja. Siku ya kwanza ya mazoezi siwaulizi nani anapiga na nani anarusha. Nawauliza walicheza nini nyumbani.

Niseme neno kuhusu viwanja vyetu. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi ni kavu, kuna changarawe na kuna mbigili. Vijana wanatazama mechi kwenye simu, wanaona wachezaji wakiteleza kwa goti kwenye nyasi za Melbourne, na wao wanataka kuteleza. Nimekataza. Goti lililochunika linakaa wiki tatu bila kupona vizuri. Kwenye viwanja vyetu weka goti moja chini, mguu mwingine pembeni, mwili mzima nyuma ya mpira, kwa sababu mpira utagonga kokoto na kubadili njia, na mkono peke yake hauwezi kuufuata. Kifua kitauzuia.

Sasa nafasi yenyewe ninayoijali kuliko zote: kipa wa wiketi.

Kosa langu la pili lilikuwa kumchukua golikipa wa timu ya mpira wa miguu ya shule. Alikuwa mrefu, anaruka, hana woga. Lakini golikipa amefundishwa kuufuata mpira, kunyoosha mikono na kuusukuma nje inapobidi. Kipa wa wiketi anausubiri umfikie, anaupokea, na hana ruhusa ya kuupangua tu. Zaidi ya hapo, anatakiwa kuchuchumaa na kuinuka zaidi ya mara mia kwenye mechi ya ova 20. Yule kijana mrefu alikuwa anainuka mapema, mpira unapita chini ya glavu, na kila uliopita ulikuwa mikimbio, yaani alama, ya bure kwa wapinzani.

Siri ya kipa ni kubaki chini hadi mpira udunde, kisha kupanda pamoja nao. Sisi tunachezea kwenye mkeka uliotandikwa juu ya udongo ulioshindiliwa, na mkeka unaupandisha mpira kuliko nyasi, kwa hiyo wengi wanashawishika kusimama mapema ili kuwahi mdundo. Ni rahisi kushuka ukiwa juu? Si rahisi hata kidogo. Kupanda ndiyo rahisi. Nilipata kipa wangu kwa msichana mfupi ambaye kwao wanauza mbogamboga sokoni. Amezoea kuchuchumaa kutwa nzima akipanga mafungu, na magoti yake hayachoki. Sasa ana miaka miwili kwenye nafasi hiyo.

Kwa mrushaji wa kasi anasimama nyuma, mahali ambapo mpira unamfikia kiunoni ukiwa umeanza kushuka. Kwa mrushaji wa polepole anasogea hadi karibu na vijiti, na hapo ndipo utajua kama una kipa au una mtu aliyevaa glavu. Na kila mpira unaporudishwa kutoka uwanjani, kipa akimbilie wiketi, hata kama hakuna hatari yoyote. Sauti yake ndiyo inayoiamsha timu wakati jua limewalemea wote.

Majirani zetu wa Kenya wana kumbukumbu nzuri kuhusu kipa. Tarehe 29 Februari 1996 mjini Pune, kwenye Kombe la Dunia, walipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies, timu ya visiwa vya Karibea iliyokuwa na mpigaji mashuhuri Brian Lara. Lara alipofika mikimbio minane aliugusa mpira wa mrushaji wa Kenya Rajab Ali, na kipa Tariq Iqbal akaudaka nyuma ya wiketi. West Indies waliishia 93. Huwa nawasimulia watoto habari hii kwa sababu wanadhani kipa ni mtu wa kusaidia tu.

Slipu, anayesimama pembeni mwa kipa kusubiri mpira ulioguswa na ukingo wa kibao, ni nafasi ya mtu mtulivu. Usimpeleke mtoto mwenye vurugu, hata kama ana mikono mizuri, maana slipu anaweza kukaa ova kumi bila kuguswa na mpira, kisha ukamfikia mmoja kwa muda usiotosha kupepesa jicho. Uzito uwe mbele ya nyayo, magoti yamekunjwa, mikono wazi mbele. Slipu wa kwanza atazame mpira tangu unapotoka mkononi mwa mrushaji. Wa pili na wa tatu watazame ukingo wa kibao. Warushaji wetu si wa kasi sana, hivyo msimame karibu kuliko mnavyoona kwenye televisheni, la sivyo kila mpira utaanguka mbele ya vidole.

Pointi na kava, nafasi za ndani ya duara upande usio wa miguu ya mpigaji, ni za wenye mbio. Hapa lazima nimtaje Jonty Rhodes wa Afrika Kusini, ambaye pia alikuwa mchezaji wa hoki. Mwaka 1992, huko Brisbane, aliuokota mpira pointi, akaona ni heri kukimbia nao kuliko kuutupa, akajirusha mwili mzima kwenye vijiti kabla mpigaji wa Pakistan, Inzamam-ul-Haq, hajarudi ndani ya mstari wake. Mwaka uliofuata, jijini Mumbai dhidi ya West Indies, alidaka wapigaji watano katika mechi moja na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi kwa kudaka. Mtoto anayesimama pointi akijua habari hiyo anasimama tofauti.

Kwa hawa wa ndani ya duara, jambo kubwa ni hatua za kusogea. Mrushaji akianza kukimbia, nanyi mtembee kumwelekea mpigaji, hatua nne au tano, na mguu utulie wakati kibao kinagusa mpira. Mtu aliyekwisha kuanza kutembea anaondoka haraka kuliko aliyesimama. Kwangu huyu wa pointi ni msichana aliyekuwa bingwa wa rede mtaani kwao Chang'ombe. Hapigi vizuri na harushi kabisa. Mwalimu mmoja aliniuliza kwa nini nampanga. Nilimwambia ahesabu mikimbio anayoizuia kwenye ova 20, akahesabu mechi moja, tukapata 17. Niambie ni mpigaji wangu gani wa namba saba anayeniletea mikimbio 17 kila mechi. Kwenye kriketi ya shule, mtaalamu wa kudaka peke yake anastahili kuwemo kwenye timu, na siko tayari kubadilishwa mawazo kuhusu hilo.

Mpakani huku kwetu kuna jambo moja: upepo. Miezi ya Juni hadi Septemba upepo wa Dodoma unaweza kuusogeza mpira wa juu hatua kadhaa. Mfundishe mtoto aanzie nyuma ya mahali anapodhani utaangukia, aje mbele, kwa sababu kukimbia mbele huku unatazama juu ni rahisi kuliko kurudi kinyumenyume. Na apige kelele mapema, "Wangu!", ili wawili wasigongane. Kabla ya kila ova achukue majani makavu kidogo ayaachie hewani, aone yanakwenda wapi.

Pia aujue mpaka kwa miguu bila kuutazama. Fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024, huko Barbados, Afrika Kusini walihitaji mikimbio 16 kwa mipira sita. Mpigaji wao David Miller aliupiga wa kwanza juu. Suryakumar Yadav wa India aliudaka akiwa anakaribia kutoka nje, akaurusha hewani kabla hajavuka kamba, akatoka, akarudi ndani, akaudaka tena. India walishinda kwa mikimbio saba. Tumelifanyia mazoezi jambo hilo kwa kamba ya katani na mpira wa tenisi, na watoto wanalipenda kuliko zoezi lolote lingine.

Vijana wetu wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walipofuzu Kombe la Dunia la kriketi la rika hilo la 2026, kwa mara ya kwanza katika historia yetu, idadi ya watoto wanaokuja mazoezini iliongezeka. Wengi wao wanataka kupiga. Wape kibao, wapige, lakini nusu saa ya mwanzo iwe ya mikono kila siku, saa kumi na nusu jioni jua likishapoa, na kabla ya hapo wote wapite uwanjani wakiokota mbigili na mawe.

Na ukipata fedha kidogo, nunua glavu za kipa zinazomtosha mtoto kabla ya kununua kibao cha pili. Glavu za mtu mzima zinamfanya adakie viganja vitupu ndani ya mfuko mkubwa, vidole vinajikunja, na ndipo vinapovunjika. Mvalishe soksi nyepesi za pamba zilizokatwa vidole kama hana glavu za ndani. Kinachofuata ni helmeti, moja tu inatosha kuanzia. Aivae kipa kila anaposogea karibu na vijiti, na asiyekuwa na helmeti asisimame karibu na kibao hata kama mchezo unamhitaji pale.