Jibu: Ndege za vita vya Katanga zinaweza kuonekana kwenye maonyesho ya Ulaya?

Yambo, yaya. Umeuliza kama mtoto wako aliye Uingereza, akienda kwenye sherehe za ndege kuukuu pale Duxford, ataona ndeke zilizopigana huku kwetu miaka ya Tshombe, aliyeongoza Katanga ilipojitenga na Kongo.

Duxford si mahali pa kuzitafuta. Uwanja ule wa ndege ulianza 1918, na sifa yake kubwa ni Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili: kikosi cha 19 kilizipokea pale mwaka 1938, kabla ya vikosi vingine vyote. Nyingi zinazoruka hadi leo zina injini ya Merlin ya lita 27, na watu wengi huenda kwa ajili ya ngurumo ile tu. Mimi pia ningeenda.

Za kwetu ni hadithi nyingine. Fouga Magister ya Katanga, yenye mkia wa herufi V, ilitengenezwa Ufaransa kwa ajili ya kufundishia marubani. Hata hivyo, Septemba 1961 moja tu ilitosha kuwasumbua askari wa Umoja wa Mataifa, wakiwemo Waayalandi waliozingirwa Jadotville (Likasi ya leo). Umoja wa Mataifa ukaleta J 29, ndege za kivita za Sweden, fupi na nene. Waswidi wenyewe waliziita Tunnan, yaani pipa! Ndizo zilizoushambulia uwanja wa Kolwezi mwishoni mwa 1962.

Mwambie afuatilie maonyesho ya Sweden. Kule wamehifadhi J 29 inayoruka. Fouga nazo zipo mikononi mwa watu binafsi Ulaya, ila si zilezile za Katanga.