Jibu: Kwa nini kiini kidogo cha transfoma kinaunguza ilhali masafa yameongezwa

Salamu, ndugu. Umeeleza kwamba ulipandisha masafa ya umeme (idadi ya mitetemo kwa sekunde) kutoka kilohezi 100 hadi 200, ukapunguza eneo la kiini cha feraiti (kauri inayopitisha sumaku) kutoka sentimita mraba 1 hadi 0.5, ukaacha mizunguko 40 ya waya na volti 320 za wimbi la mraba, na sasa transfoma haishikiki kwa joto.

Anza kukagua msongamano wa sumaku ndani ya kiini, unaopimwa kwa tesla: gawanya volti kwa 4, kwa masafa (kwa hezi), kwa mizunguko na kwa eneo (kwa mita za mraba). Utapata tesla 0.2 kabla na baada ya mabadiliko. Hapo ndipo penye tatizo: kiini hakijajaa sumaku (hakijafikia kikomo chake), lakini masafa yakiongezeka maradufu msongamano ukibaki uleule, upotevu wa nishati unaogeuka joto katika kila sentimita ya ujazo huzidi maradufu, na kiini kidogo kina uso mdogo wa kutolea joto. Nami niliwahi kuipunguza transfoma yangu vivyo hivyo, na gundi ya kiini ikabadilika rangi kabla ya saa moja kuisha.

Rudisha kiini cha awali. Msongamano utashuka hadi tesla 0.1. Kagua pia waya: kwa kilohezi 200 mkondo hupita katika takriban milimita 0.15 za juu ya shaba, hivyo tumia nyuzi nyembamba zilizosokotwa.