Samaki wangu wa bronzi ananipaka kijani shingoni. Ni feki?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nakaa Galway, Ayalandi. Nilinunua kidani cha bronzi chenye umbo la samoni wa hekima, yule wa hadithi za Wakelti. Miezi miwili kilikuwa sawa, sasa shingo inabaki na alama ya kijani, na kati ya magamba kuna kitu kama vumbi la kijani. Nimeuziwa feki? Naweza kukisugua kwa ndimu na chumvi, kama tunavyosugua sinia za shaba nyumbani?

JIBU: Dada, weka ndimu chini kwanza.

Kijani si dalili ya feki. Bronzi ya jadi ni takriban asilimia 90 shaba nyekundu, iliyobaki ni bati (madini, si mabati ya kuezekea). Nyingi inayosubiwa vito siku hizi haina hata bati, huchanganywa na silikoni. Iwe hii au ile, shaba ikikutana na jasho hutoa kijani. Alama ya shingoni huondoka ukiiosha kwa sabuni, na haidhuru. Ukianza kuwashwa, usimlaumu samaki, chunguza mkufu na kifungo chake: huenda vina nikeli.

Hilo vumbi ndilo linanitia wasiwasi. Washa tochi ya simu, ukwangue kidogo kwa kijiti cha meno. Kijani kikiwa kimeshikamana kama rangi iliyokauka, ni kutu ya kawaida, na inaikinga shaba iliyo chini yake. Kikitoka unga mwepesi na kuacha kishimo, kuna kloridi ndani, kemikali iliyomo kwenye chumvi. Hiyo ikipata unyevu huendelea kula shaba. Unafuta leo, wiki ijayo unga umerudi. Na wewe unaishi kando ya bahari.

Sasa chumvi ya mezani ni kloridi hiyohiyo. Sinia ni bapa, ukisuuza imekwisha. Magamba yana mifereji, na chumvi hujificha humo. Ndimu nayo itakula ule weusi wa kwenye mifereji ambao fundi aliutia makusudi, kwa kawaida kwa dawa ya salfa. Ukiuondoa, magamba hayaonekani tena, unabaki na kitu kinachong'aa kama kijiko. Isitoshe, katika hadithi mshairi Finnegas alimvizia samoni huyu miaka saba kwenye mto Boyne, mwishowe samaki akapikwa, na kijana Fionn, mwanafunzi wake, akapata hekima kwa kunyonya kidole kilichoungua. Kumtia ndimu na chumvi leo ni kumrudisha jikoni.

Fanya hivi. Vua mkufu. Osha kidani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kwa mswaki wa mtoto, ukifuata mistari ya magamba. Kama ni ule unga, kiloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ya kutia kwenye pasi, ukiyabadilisha kila siku kwa wiki moja. Kausha kwa mashine ya nywele hadi kiwe na joto mkononi, kisha paka nta ya nyuki isiyo na rangi, nyembamba sana, na ufute kwa kitambaa cha pamba. Usisahau upande wa nyuma wa kidani, ndio unaolala kwenye ngozi. Nta hulika kwa jasho, kwa hiyo rudia kila mwezi, na ukivue kabla ya kuogelea au kujipulizia manukato.

Unga ukirudi baada ya raundi mbili za kuloweka, kirudishe kwa aliyekisubu.