Ubudha si sayansi iliyovaa kanzu

Kaka, umeandika kwamba Ubudha, dini ya wafuasi wa Buddha, ni "sayansi ya kale". Hapana, si hivyo. Kweli, mwaka 2004 maabara ya mtafiti wa ubongo Richard Davidson kule Wisconsin, Marekani, ilipima ubongo wa watawa wa Kibudha waliozoea kutafakari kwa maelfu ya saa, ikakuta mawimbi ya gama (mawimbi ya umeme ya kasi katika ubongo) yenye nguvu kuliko ya wanaoanza. Lakini hapo umepimwa ubongo, si imani yao ya kuzaliwa upya baada ya kufa. Na maandiko ya kale ya Wabudha yanaweka mlima Meru katikati ya dunia (si huu wa Arusha!), na Dalai Lama mwenyewe, kiongozi wa Wabudha wa Tibet, kaikataa picha hiyo. Ninachokubali ni ile tabia yao ya kuchunguza kwa makini, lakini hiyo peke yake si sayansi. Hapa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, wavuvi nao wanayo: wanajua siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, basi mitumbwi inalala mchangani. Nani kawapa maabara?