Kizigeu hupanuliwa au husogezwa?

SWALI: Nina kompyuta ya mpakato ya zamani, ya Windows 7. C imejaa, D iko karibu tupu. Fundi amesema "ataongeza partisheni". Programu aliyonionyesha, iliyotafsiriwa, imeandika "panua kizigeu". Mwalimu mwenzangu naye anashikilia "kigawo". Tushike lipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kigawo kina mwenyewe. Aliyesoma hesabu shule ya msingi Tanzania anaikumbuka KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika, na nduguye KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika. Tukiache huko darasani.

Kizigeu ndicho chenye mzozo. Ni kitu kinachosimama kati kutenga huku na huku, jamaa yake kiambaza. Waingereza wana neno moja, "partition", kwa ukuta huo na kwa sehemu inayopatikana ukuta ukishasimama. Mtafsiri amechukua la ukuta akalibandika kwenye chumba. Sasa jaribu kupanua kizigeu nyumbani kwako: ukuta utanenepa, chumba kitapungua! C na D ni vyumba viwili vya diski moja, nawe unataka C ipate nafasi. Kwa hiyo kinachopanuliwa ni chumba, na kizigeu husogezwa. "Sogeza kizigeu kilicho kati ya C na D" ni Kiswahili kisicho na doa.

Chumba chenyewe tukiiteje? Mimi nasema partisheni, bila haya, katika ngeli ya I-ZI: partisheni hii imejaa, partisheni hizi zimejaa. "Sehemu" ni zuri ukilitaja kwa jina, sehemu C, lakini likiachwa peke yake linapwaya. Ukimwambia fundi "sehemu ya diski imeharibika", hajui kama ni D nzima au ni madoa mabovu tu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hilo "ataongeza". Kuongeza partisheni ni kuipa nafasi zaidi, au ni kuzidisha idadi yake? Kwenye kompyuta yako tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Diski nyingi za enzi hizo zimegawanywa kwa mpango wa MBR, unaokubali partisheni kuu 4 tu, na mara nyingi kompyuta ilitoka kiwandani nne hizo zimeshajaa: ya kuwashia, C, ya kurejesha mfumo na ya zana za mtengenezaji. Fundi akielewa "ongeza" kwa maana ya pili atagonga ukuta. Mwambie "panua C".

Hata hapo, zana ya Windows yenyewe hukubali kupanua C ikiwa tu nafasi tupu imepakana nayo upande wa kulia. Ukipunguza D, nafasi hubaki mwishoni mwake, mbali na C. Ndiyo maana mafundi hukimbilia programu kama GParted, inayoweza kuisogeza D yote kwenda kulia. Unaona "kusogeza" kunavyorudi? (Nakili mafaili yako pembeni kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kusogeza, msamiati hautakusaidia.)

Na D usiseme "inabanwa". Kubana tumeshalipa kazi ya kufanya faili liwe dogo bila kupoteza kilichomo. D inapunguzwa.