Unajifunza sataranji? Anza na Capablanca, tena uanzie mwisho

Wanaoanza sataranji huniuliza swali lilelile: nikariri ufunguzi gani, yaani miendo gani ya kuanzia mchezo? Jibu langu huwakera. Nawaambia waachane na funguzi kwanza, watafute michezo ya José Raúl Capablanca, kisha waisome kuanzia pale kete zinapobaki chache ubaoni.

Kwa nini yeye, wakati mabingwa wako wengi? Michezo ya bingwa mwingine, Mikhail Tal, kwa mfano, nimeitazama usiku kucha kwa raha tupu. Lakini ukishafunga ubao, unaondoka na nini? Kafara za Tal, kete alizozitoa makusudi ili ashambulie, zilimhitaji Tal. Capablanca alicheza miendo ambayo ukiitazama unasema "hata mimi ningeiona", halafu unapewa nafasi ya kuitafuta mwenyewe na huioni. Hapo ndipo somo lilipo.

Alizaliwa Havana, Kuba, mwaka 1888, na inasimuliwa kwamba alijua mchezo akiwa na miaka minne kwa kumtazama tu baba yake akicheza. Mwaka 1901, bado mtoto, akamshinda Juan Corzo, bingwa wa Kuba, katika pambano lao. Alipelekwa New York kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Columbia, lakini klabu ya sataranji ya Manhattan ilimvuta kuliko darasa. Mwaka 1909 alimchapa Frank Marshall, kigogo wa Marekani: alishinda michezo 8, akapoteza 1, na 14 ikaisha sare. Ubingwa wa dunia aliuchukua Havana mwaka 1921 kutoka kwa Emanuel Lasker, aliyekuwa ameukalia tangu 1894. Katika michezo 14 ya pambano hilo hakupoteza hata mmoja. Kwa kweli, tangu mwaka 1916 hakufungwa katika mchezo rasmi mpaka Richard Réti alipomvunjia rekodi hiyo New York mwaka 1924.

Mchezo ninaompa kila ninayemfundisha umetoka katika mashindano hayohayo ya New York 1924, dhidi ya Savielly Tartakower. Wamebaki na ngome mojamoja na askari kadhaa. Wengi wetu tungekazana kulinda kila askari. Capablanca, kwenye mwendo wa 35, anamtoa mfalme wake na kumpandisha mbele, huku askari wake wawili wakiliwa, tena kila mmoja kwa ngome inayomtishia mfalme huyohuyo. Anaendelea kupanda hadi f6, yaani nyumba ya sita kutoka upande wake kwenye safu ya f. Njiani yupo askari wa Tartakower pale f5 anayeweza kuliwa, naye anamwacha. Kwa nini? Kwa sababu askari huyo wa adui anamkinga dhidi ya ngome nyeusi isimtishie kwenye safu ya f. Anamla baadaye, akishamaliza kazi yake. Ukielewa miendo hiyo mitano au sita, umejifunza kwamba mwishoni mfalme ni mpiganaji, na kwamba idadi ya askari si kila kitu.

Namna ya kuusoma nayo ina maana. Tumia ubao halisi, si simu. Funika mwendo unaofuata, uandike wako na sababu yake, ndipo ufunue. Kompyuta iache mpaka umalize. Ukiiwasha mapema, itakupa jibu sahihi na kukuondolea jasho la kulitafuta, na jasho hilo ndilo tunalolitaka. Kama hujui hata kumfunga mfalme aliye peke yake kwa mfalme na ngome, anza hapo bila aibu. Kitabu cha mafunzo alichokitoa Capablanca mwaka 1921 nacho kinaanzia hapohapo.

Kuna jambo moja ambalo usimwige. Alikuwa na jina la mtu asiyehangaika sana na maandalizi, na wapo vijana wanaolipenda jina hilo mno. Mwaka 1927 alikwenda Buenos Aires kutetea taji dhidi ya Alexander Alekhine, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amewahi kumshinda hata mara moja. Alekhine alikuwa amekaa na michezo ya bingwa akiichambua, akitafuta penye ufa. Akashinda mchezo wa kwanza. Pambano lilifika michezo 34: Alekhine 6, Capablanca 3, sare 25. Nafasi ya kurudiana haikupatikana tena mpaka Capablanca alipofariki mwaka 1942, ingawa mwaka 1936 bado alishinda Moscow, na Nottingham akagawana nafasi ya kwanza na Mikhail Botvinnik.

Ukishamaliza mchezo wa Tartakower, nenda moja kwa moja kwenye mchezo wa 34 wa Buenos Aires. Huo nao unaishia kwenye ngome na askari, eneo ambalo dunia nzima iliamini ni la Capablanca, lakini safari hii aliyekuwa akibana polepole ni Alekhine, mpaka mwendo wa 82. Usome ukikaa upande wa mweusi, upande wa Capablanca, na kila mara kabla ya kufunua mwendo jiulize ngome yake ungeiweka wapi.